Gundi Laini Hushindwaje? Maoni juu ya Vitenzi vya Kunata na Uundaji wa Istilahi

1.0 Utangulizi

Katika uundaji wa istilahi za Kiswahili tumezoea kuanza na nomino. Kamati huletewa orodha ya majina ya Kiingereza, wajumbe hulitafutia kila jina mwenziwe wa Kiswahili, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha pindi orodha inapokwisha. Makala haya yanatoa maoni kwamba utaratibu huo, pamoja na mafanikio yake yote, una upungufu mmoja mkubwa: unaviacha nje vitenzi, ilhali vitenzi ndivyo ghala ambamo wasemaji wa Kiswahili wameweka sehemu kubwa ya maarifa yao juu ya mwenendo wa vitu. Ili hoja yetu isielee hewani, tumechagua mfano mmoja mdogo, nao ni jinsi gundi laini inavyoshindwa kazi inapovutwa, inapobanduliwa au inapoelemewa na uzito.

Yumkini msomaji atauliza gundi ina nini na jarida la Kiswahili. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, gundi laini zimetuzunguka kila siku: plasta ya kidonda, utepe wa kufungia bahasha, kiraka cha tyubu ya baiskeli, utomvu wa fenesi, ulimbo wa kunasia ndege. Pili, fizikia ya gundi hizo imechunguzwa kwa makini tangu nusu ya pili ya karne ya 20, kwa hiyo tunacho kipimo cha kulinganishia yale yanayosemwa na lugha. Tatu, nchi ya Uzaramo, ambamo Kibuta imo, ina historia ndefu ya utomvu wa miti na biashara yake, na si haki kuizungumzia kana kwamba inasubiri kufundishwa kila kitu kutoka nje.

2.0 Fundi baiskeli wa Kibuta

Wazo la makala haya lilitokana na pancha. Kibuta ni kata mojawapo ya wilaya ya Kisarawe, mkoani Pwani. Mwandishi akiwa huko kwa shughuli nyingine, gurudumu la nyuma la baiskeli aliyoazimwa lilitoa upepo mahali palipokuwa pamezibwa siku chache zilizopita. Baiskeli ikasukumwa hadi kwa fundi aliyekuwa chini ya mwembe.

Fundi yule hakukimbilia kuziba. Alikibandua kiraka kilichokuwa kimeachia, akakigeuza, akatazama upande wa kiraka na upande wa tyubu, kisha akasema: "Hiki hakikushika, mwalimu. Tyubu haikupigwa msasa. Tazama, kimebanduka safi, chini panang'aa." Alipoona anasikilizwa kwa makini, aliingiza mkono katika kopo lake la takataka akatoa kiraka kingine, ambacho kilikuwa na utando wenye nyuzinyuzi. "Hiki kilishika. Ila solusheni haikungojwa ikauke, ndiyo maana imekatika katikati. Nusu huku, nusu kule." Mwisho akatoa cha tatu, kilichokuwa na vipande vyeusi vya mpira vimeng'ang'ania. "Na hiki kilishika mno. Tyubu ndiyo iliyochoka, imenyofoka."

Maneno matatu aliyoyatumia, yaani kubanduka, kukatika na kunyofoka, ndiyo mgawanyo uleule unaotumiwa na wahandisi wa gundi duniani kote wanapochunguza kiungo kilichoachia. Swali la kwanza la mhandisi ni hili: mpasuko umepita wapi? Umepita mpakani, baina ya gundi na kitu kilichogundishwa? Umepita ndani ya gundi yenyewe? Au umepita ndani ya kitu kilichogundishwa, gundi ikabaki salama? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua tiba. Aliyeshindwa mpakani anapaswa kuusafisha na kuukwaruza uso. Aliyeshindwa ndani ya gundi anapaswa kuingoja ikauke au kuchagua gundi iliyoshikamana zaidi. Na aliyenyofoa kitu chenyewe hana haja ya gundi kali zaidi, bali ya kitu kizima. Kumwambia kila mmoja wao "pakaa gundi nyingi" ni kumpotezea fedha.

Fundi hakuwa amepata elimu hiyo katika kitabu. Aliipata kwa kutazama, na lugha yake ilikuwa imemwandalia maneno ya kuigawia. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Kazi ya fundi, kama ilivyo kazi ya mhandisi, ni kujua pabovu ni wapi.

3.0 Gundi laini katika mizani ya fizikia

Gundi laini ni ile isiyogeuka kuwa ngumu kama saruji. Hubaki laini muda wote wa kazi yake. Ulaini huo ndio siri yake ya kwanza. Uso wa kitu chochote, hata ukiwa umenyooka machoni, una mabonde na vilima vidogo mno. Kitu kigumu kikiwekwa juu yake hugusa vilele tu, ilhali kitu laini hushuka mabondeni kikagusa kila mahali. Katika miaka ya 1960 Carl Dahlquist, mtafiti wa kampuni ya 3M ya Marekani, alionyesha kwamba kitu hunasa kwa kuguswa tu iwapo ukinzani wake dhidi ya kubadilishwa umbo uko chini ya kiasi fulani, ambacho ni takriban paskali laki moja hadi laki tatu. Ukinzani wa chuma cha pua hukizidi kiasi hicho kwa zaidi ya mara laki tano, na ndiyo maana vipande viwili vya chuma havinatani kwa kuguswa.

Hata hivyo, kugusana peke yake hakutoshi. Nguvu za kuvutana baina ya molekuli za nyuso mbili ni ndogo. Kuzitenganisha nyuso za kawaida za plastiki zenye eneo la mita moja ya mraba, kwa hesabu ya nguvu hizo tu, kungehitaji nishati ya takriban sehemu moja ya kumi ya juli. Lakini utepe wa gundi ukibanduliwa hula mamia ya juli kwa eneo hilohilo. Tofauti hiyo, ambayo ni ya mara elfu na zaidi, hutokana na kuvutika kwa gundi yenyewe.

Utando mwembamba wa gundi laini ukivutwa moja kwa moja kutoka juu hauwezi kusinyaa kutoka pembeni upesi, kwa kuwa umebanwa baina ya nyuso mbili. Kwa hiyo huzuka ndani yake, au mpakani, viputo vidogo vya uwazi. Viputo hivyo hupanuka hadi vikapakana. Kuta zilizobaki baina yake hugeuka kuwa nyuzi. Na nyuzi hizo hurefuka mara nyingi kuliko unene wa awali wa utando. Kila uzi unaporefuka hula nishati na kuigeuza kuwa joto. Mwisho wa nyuzi ni mmojawapo kati ya miwili: ama huchomoka zote kutoka katika uso mmoja, ukabaki safi, ama hukatika katikati, zikaacha mabaki pande zote mbili. Huo ndio mwisho ambao fundi wa Kibuta aliusoma katika viraka vyake.

Kuna jambo la pili, nalo ni mwendo. Molekuli za gundi laini ni ndefu na zimesokotana kama nyuzi za katani zilizorundikwa. Zikivutwa polepole hupata nafasi ya kuteleza na kuachana, na gundi hutiririka kama uji mzito. Zikivutwa kwa ghafla hazipati nafasi hiyo, na gundi hukaza kama mpira. Kwa sababu hiyo utepe uleule ukibanduliwa taratibu mno huweza kuacha mabaki, na ukibanduliwa kwa haraka zaidi hutoka safi. Joto hufanya kazi inayofanana na ile ya mwendo wa polepole: gundi iliyokaza alfajiri hulegea adhuhuri. Katika kiwango fulani cha mwendo, utepe hukwama na kuchopoka, hukwama tena na kuchopoka tena, na ule mlio mkali unaosikika hutokana na mkwamo huo. Mwaka 2008 watafiti wa chuo kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kwamba utepe wa kawaida ukibanduliwa ndani ya chombo kisicho na hewa hutoa hata miali ya eksirei. Nishati inayopita katika mstari mwembamba wa kubanduka si ndogo hata kidogo.

Jambo la tatu ni pembe ya kuvuta. Anayeinua pembe ya utepe hukusanya nguvu yake yote katika mstari mmoja, na gundi hushindwa hatua kwa hatua. Anayevuta kiungo kizima kwa mara moja hulazimika kushinda eneo lote. Kwa hiyo kiatu huanza kuachia kidoleni wala si katikati ya soli. Isitoshe, uzito mdogo usiokoma, kama ule wa kulabu iliyogundishwa ukutani, huweza kuishinda gundi bila ya kuibandua wala kuikata: kulabu hutambaa kuelekea chini kidogo kidogo, siku baada ya siku, hadi ianguke.

4.0 Uzaramo na maarifa ya utomvu

Maarifa ya vitu vinavyonata si mageni katika ukanda huu. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walipita Uzaramo wakielekea bara, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860 Burton alieleza kwa kirefu juu ya sandarusi iliyochimbwa ardhini katika nchi hiyo, pamoja na tofauti baina ya sandarusi iliyokomaa na ile changa iliyoitwa chakazi. Bidhaa hiyo ilipitia Unguja ikafika hadi Salem, huko Marekani, ambako ilitumika kutengenezea vanishi. Baadaye ikafuata biashara ya mpira wa mwituni, uliokamuliwa kutoka katika mitambaazi ya jamii ya mbungo. Wachimbaji na wakamuaji hao walilazimika kupambanua kigumu na laini, kilichokomaa na kichanga, kinachopasuka na kinachovutika. Bei ilitegemea upambanuzi huo.

Katika maisha ya kila siku, mpasuaji wa fenesi hujipaka mafuta mikononi na kwenye kisu kabla ya kuanza. Akisahau, hutafuta mafuta ya taa baadaye. Vitendo hivi viwili vinafanana kwa nje lakini vinashambulia mahali tofauti. Mafuta yaliyotangulia hukaa mpakani na kuuzuia utomvu usiambatane na ngozi. Mafuta ya taa yanayofuata huingia ndani ya utomvu wenyewe na kuulegeza. La kwanza ni suala la mpaka, la pili ni suala la ndani.

Ulimbo nao unaeleza suala la mwendo kuliko maelezo mengi ya vitabuni. Ndege hutua kwa wepesi na kukaa kitambo. Ulimbo hupata muda wa kutiririka na kuzizunguka kucha zake. Anaporuka hufanya hivyo kwa ghafla, na ulimbo uleule uliokuwa kama uji hukaza kama mpira, ukavuta nyuzi na kuzinyonya nguvu zake. Ulimbo mbichi mno hukatika, ndege akaenda zake na mabaki miguuni. Uliokauka mno haunasi kabisa. Hatusemi haya ili kuwatetea wawindaji wa ndege. Tunasema kwamba mtu aliyewahi kutengeneza ulimbo ameshughulika kwa vidole vyake na swali lilelile alilolishughulikia Dahlquist kwa vipimo.

5.0 Vitenzi vinasema nini?

Tuvitazame sasa vitenzi vyenyewe. Kiswahili kina kundi kubwa la vitenzi vya kuunganisha ambavyo vina wenzi wao wa kutendua: bandika na bandua, nasa na nasua, ganda na gandua, pachika na pachua, chomeka na chomoa. Wanafunzi wa sarufi wanaifahamu kauli hii ya kutendua, yenye kiambishi -u- au -o-. Jambo ambalo halijasisitizwa vya kutosha ni maana yake ya kimaumbile. Kitenzi cha kutendua hueleza kwamba muungano umeondolewa na vitu viwili vimerudi katika hali yao ya awali, kila kimoja kikiwa kizima. Plasta iliyobanduka ingali plasta, na ngozi ingali ngozi. Huo ndio ushindwe wa mpakani.

Kwa upande mwingine tuna vitenzi kama katika, chanika na pasuka. Hivi havidai kwamba palikuwa na muungano wa vitu viwili. Vinadai kwamba kitu kimoja kimepoteza uzima wake. Gundi iliyokatika haikuachana na mwenziwe. Imeachana na nafsi yake. Hatimaye tuna kitenzi nyofoka, ambacho hudai kwamba sehemu ya kitu imeondoka ikifuata kitu kingine. Mtu husema nyama imenyofoka katika mfupa, au karatasi imenyofoka pamoja na utepe. Ni kweli kwamba nyofoa na nyofoka vina sura ya kauli ya kutendua, ilhali havina mwenzi wa kuunganisha. Hatudai kwamba umbo la kitenzi peke yake linatosha kuamua maana. Tunadai kwamba matumizi yameupambanua ushindwe wa aina tatu, na kwamba upambanuzi huo haukuletwa na kamati yoyote.

Kauli ya kutendama nayo ina lake la kusema. Ganda, gandama na gandamana ni ngazi: kitu kinaganda, kinatulia katika kuganda, kisha vitu viwili vinatulia pamoja. Kauli ya kutendana hutupa ambatana na shikamana, ambavyo watu huvitumia kana kwamba ni sawa. Lakini tukisikiliza kwa makini, anayeambatana huambatana na mwingine, kama barua na kiambatisho chake, ilhali wanaoshikamana ni wa kundi moja. Kwa hiyo mwambatano wa gundi na tyubu, na mshikamano wa gundi yenyewe, ni dhana mbili ambazo lugha imekwisha kuziandalia viti. Kiraka cha kwanza cha fundi wetu kilikosa mwambatano. Cha pili kilikosa mshikamano.

6.0 Tatizo la neno mnato

Dhidi ya utajiri huo wa vitenzi, tazama umaskini wa nomino. Neno mnato hutwikwa mizigo miwili. Mara linasimamia ukinzani wa ugiligili dhidi ya kutiririka, kama tunaposema kwamba asali ina mnato kuliko maji. Mara linasimamia uwezo wa kitu kunasa kinapoguswa. Dhana hizi ni mbalimbali. Asali ni nzito sana kutiririka, lakini hakuna atakayeziba tyubu kwa asali, maana hukatika ndani mara tu inapovutwa. Utepe wa gundi, kwa upande wake, hautiririki kwa macho ya mtu, na hata hivyo hunasa papo hapo. Mwanafunzi anayepewa neno moja kwa dhana zote mbili ataamini kwamba kitu kizito kutiririka ndicho gundi bora, nalo ni kosa la fizikia lililozaliwa na kosa la istilahi.

Hatulaumu waliotutangulia. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ilikuwa hatua kubwa, na Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha mwaka 1992 kiliwapa waundaji wa istilahi njia za kufuata. Tunachosema ni kwamba orodha inayoanzia katika nomino za kigeni haiwezi kugundua kwamba dhana mbili zimekaa katika neno moja, maana kila safu ya orodha husimama peke yake. Vitenzi vikikusanywa pamoja, kama familia, pengo huonekana mara moja.

7.0 Hoja za upinzani

Wapo watakaosema kwamba sayansi ni ya ulimwengu mzima, na kwamba ni bora kukopa maneno yake na kuyatohoa ili mwanafunzi wa Kisarawe aweze kuelewana na mwenziwe wa Tokyo. Hoja hii ina uzito, na sisi wenyewe tumeitii: katika makala haya tumesema juli, paskali na molekuli bila ya kusita. Vipimo na viumbe visivyoonekana kwa macho havina budi kukopwa, kwa kuwa hakuna fundi aliyevitazama. Lakini kubanduka na kukatika vinaonekana. Kukopa jina la kitu ambacho msemaji anacho tayari mdomoni ni kumfundisha kwamba anachokijua si elimu.

Wengine watasema kwamba vitenzi vya kawaida vina maana nyingi mno. Umeme hukatika, mvua hukatika, na mtu aliyechukiza huambiwa abanduke. Hilo ni kweli. Lakini istilahi huwekewa mipaka kwa fasili, na neno la kawaida huweza kuwekewa mipaka sawasawa na neno la kigeni. Kwa hakika hatari kubwa zaidi iko katika nomino: neno mshiko, ambalo lingefaa sana hapa, limekwisha kuhamia mjini na kupewa maana ya fedha, na mwalimu atakayelitumia darasani atachekwa.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi. Fundi anajua kwamba kiraka kimebanduka, lakini hajui viputo, wala hajui kwamba nishati kubwa huliwa na nyuzi. Tunakubali. Lugha ya kila siku haijapambanua kiputo kinachozuka mpakani na kile kinachozuka ndani, wala haitoi kipimo cha chochote. Lugha haifanyi utafiti wa maabara. Inachofanya ni kumfikisha mwanafunzi mlangoni mwa maabara akiwa tayari ana swali sahihi mkononi: mpasuko umepita wapi?

Swali hilo si la baiskeli tu. Mzee mwenye ngozi nyembamba, au mtoto mchanga, akibanduliwa plasta kwa pupa, ngozi yake huweza kunyofoka pamoja nayo. Kilichoshindwa hapo si gundi bali ngozi. Muuguzi anayeelewa hivyo huishika ngozi kwa mkono mmoja, akaikunja plasta nyuma na kuivuta taratibu sambamba na ngozi. Muuguzi huyo huzungumza Kiswahili na mgonjwa wake, na Kiswahili na jamaa watakaomwuguza nyumbani. Tukimnyima maneno ya kupambanua kubanduka na kunyofoka, madhara hayaishii katika kamusi.

8.0 Mapendekezo

Kwa mintarafu ya hayo, tunapendekeza kwamba ushindwe wa mpakani uitwe mbanduko. Ushindwe wa ndani ya gundi uitwe mkatiko. Na ushindwe wa kitu kilichogundishwa uitwe mnyofoko. Kushuka polepole kwa kiungo chini ya uzito usiokoma kuitwe mtambao. Dhana mbili za msingi ziwe mwambatano, kwa vitu viwili tofauti, na mshikamano, kwa kitu kimoja na nafsi yake. Na kwa kuwa neno mnato limekwisha kuzoeleka katika fizikia kwa maana ya ukinzani wa kutiririka, tusiling'oe. Uwezo wa kunasa kwa kuguswa upewe jina la mnaso, kutokana na kazi ya ulimbo.

Zaidi ya maneno hayo machache, tunapendekeza utaratibu. Kabla ya kamati kuketi na orodha yake, watafiti wawili au watatu waende kwa wanaofanya kazi inayohusika: mafundi baiskeli, washona viatu, waseremala, wauguzi, wapasuaji wa mafenesi. Waandike vitenzi vyote vinavyotumika, pamoja na mazingira yake, wakitilia maanani pia lugha za jirani. Kizaramo kina haki ya kuulizwa Kibuta kabla ya Kiingereza, na watu wanaokimudu vizuri si wengi kama zamani. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lina mamlaka ya kusanifisha. Idara za vyuo vikuu zina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu. Kazi hii haihitaji fedha nyingi.

9.0 Hitimisho

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia katika shule za sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Miongoni mwa sababu ambazo zimetajwa mara kwa mara tangu wakati huo ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Kiingereza bado ndicho kinachofundishia fizikia katika sekondari zetu nyingi. Makala haya hayakukusudia kuufufua mjadala huo wote. Yamekusudia kuonyesha, kwa mfano mmoja, kwamba sehemu ya upungufu tunaoulalamikia inatokana na mahali tunapotafuta. Tumetafuta katika safu ya nomino, ilhali elimu imekaa katika vitenzi.

Kiraka kilichowekwa Kibuta siku ile hakijaachia hadi leo. Fundi aliipiga tyubu msasa, akapaka solusheni, akangoja ikauke huku akizungumza nasi, kisha akakikandamiza kiraka kwa muda mrefu. Alipoulizwa kwa nini anangoja hivyo, alijibu kwamba ukikiharakisha kitashika nje lakini ndani kitakatika. Ni matumaini ya mwandishi kwamba wenzetu wa kamati za istilahi watalifikiria jibu hilo, na kwamba watakaolipinga watafanya hivyo kwa mifano kutoka katika kazi na mahali pengine, ili mjadala uendelee.